Sura ya Tano: Nyumba Kavu, Gari Kavu

Jani la chai linapofika kiwandani, iwe ni Kapkoros, Litein au Momul, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Likitoka upande wa pili likiwa chai nyeusi, maji yaliyobaki ni kama asilimia 3. Katikati kuna kunyaushwa, kukatwa na kupondwa, kuchachushwa, na mwisho kukaushwa kwa hewa moto ya tanuri la kuni. Hakuna msimamizi anayethubutu kuiruka hatua ya mwisho, maana chai iliyofungwa ikiwa na unyevu huota kuvu ndani ya gunia. Na kwa kuwa chai hunasa harufu upesi, haiwekwi karibu na mafuta taa, rangi mbichi wala sabuni ya manukato.

Nimeanza na kiwanda kwa sababu kanuni hizo mbili, kukausha kabisa na kutotia harufu, ndizo anazohitaji mtu ambaye mapafu yake hayastahimili kuvu wala kemikali. Watu wa Kericho na Bomet wanazijua tangu utotoni, ila wameziachia chai peke yake. Nyumbani tunafanya kinyume. Ukuta ukitoa madoa meusi tunaupaka rangi juu yake. Gari likivunda tunaning'iniza kadi ya manukato kwenye kioo. Sakafu tunaimwagia dawa mpaka macho yawashe, na tukisikia harufu kali tunaridhika kwamba sasa pamesafika. Mwenye pumu, mwenye mzio, au yule ambaye kichwa humuuma akipita tu karibu na rafu ya sabuni dukani, huwa ameongezewa mzigo: kuvu iko palepale, na juu yake zimekuja kemikali.

Tuanze na mvua. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yanayouzunguka hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Asubuhi mara nyingi kuna jua. Kuanzia saa nane mchana, hewa yenye unyevu inayotoka Ziwa Victoria hukutana na pepo za mashariki juu ya nyanda hizi, mawingu hujaa, na mvua hushuka, wakati mwingine ya mawe. Usiku joto huteremka hadi karibu nyuzi 10. Bomet ya juu, kutoka Silibwet kuelekea msitu wa Mau, ni hivyo hivyo, ingawa ukishuka Sigor na Chebunyo ardhi hukauka. Mtu anayekohoa usiku kucha akiwa Mogogosiek, kisha akapata nafuu akienda kukaa wiki moja kwa jamaa zake Chebunyo, amepata dokezo ambalo daktari wake angependa kulisikia.

Kuvu inahitaji vitu vitatu. Inahitaji mbegu zake, ambazo zimo hewani kila mahali duniani. Inahitaji chakula, nacho chaweza kuwa vumbi, mbao, karatasi, ngozi ya kiatu au gundi ya zulia. Na inahitaji maji. Mbegu huwezi kuzimaliza, na chakula huwezi kukiondoa chote. Kilicho mikononi mwako ni maji. Kitu kilicholowa kikikauka ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida kuvu haipati muda wa kuota. Unyevu wa hewa ya ndani ukikaa chini ya asilimia 60, inakosa riziki vilevile. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, halikutaja idadi ya mbegu za kuvu zinazoruhusiwa hewani. Lilisema unyevu uzuiwe, na ulipo urekebishwe.

Kuvu ya mahindi Wakenya tunaiogopa, na tuna haki. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 katika Makueni, Kitui na maeneo jirani, na tangu hapo hata mkulima asiyemiliki kipimo anajua kwamba mahindi yasiposhuka hadi asilimia 13.5 ya unyevu hayaingizwi ghalani. Kuvu ya ukutani hatujaipa uzito huo. Yenyewe haiui kwa sumu ya tumboni. Inachokoza njia ya hewa kila usiku, mtu akiwa amelala, na mtoto aliyeanza na mafua yasiyoisha anaishia kukorota kifuani.

Kuhusu pumu na mzio wa kuvu madaktari wanakubaliana. Kuhusu watu wanaopata kizunguzungu, maumivu ya kichwa na uchovu wakinusa kiasi kidogo tu cha kemikali, hawajakubaliana chanzo ni nini, na hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha. Watu hao huambiwa wanadeka. Nasema wasiambiwe hivyo. Maumivu yao ni ya kweli, na tiba ya kwanza, yaani kuondoa kinachowachokoza, haina madhara kwa yeyote na mara nyingi hupunguza gharama za nyumba.

Sasa ingia kwenye chumba cha kulala cha nyumba ya mabati isiyo na dari, saa kumi na moja alfajiri ya mwezi wa Mei, watu watano wakiwa wamelala humo na dirisha limefungwa. Washa tochi uielekeze juu. Upande wa ndani wa bati umejaa matone. Yanateremka polepole kufuata mikunjo ya bati mpaka kwenye boriti au kichwa cha msumari, hapo yanakusanyika, yanadondoka. Blanketi lina mabaka ya maji. Godoro limesukumwa hadi ukutani, na ubavu wake ulioegemea simiti ni baridi na umelowa. Ligeuze: utaona vidoa vya kijivu na kijani vimeanza pembeni, na nyuma ya kabati, mahali ambapo hewa haipiti, ukuta umekuwa mweusi kuanzia chini hadi usawa wa goti.

Hakuna bati linalovuja hapo. Maji yote hayo yametoka kwenye pumzi za waliolala, kwenye sufuria iliyochemka jioni bila mfuniko, na kwenye nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kulikuwa kunanyesha. Hewa vuguvugu imepanda, imegusa bati baridi, imegeuka maji. Ukilijua hilo, nusu ya kazi ya usafi imekwisha kabla hujashika kitambaa. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, yale yaliyozibwa kwa matambara kwa sababu ya baridi, yazibuliwe. Afadhali blanketi la pili kuliko matundu yaliyozibwa. Kitanda na kabati viachane na ukuta kwa shubiri moja. Madirisha yafunguliwe jua likishatoka, mpaka saa saba hivi, kisha yafungwe kabla mvua ya mchana haijaanza. Nguo zianikwe barazani chini ya paa. Gunia la mahindi lisilale chumbani. Likae kwenye chumba chake, juu ya mbao, maana mahindi nayo hutoa unyevu na vumbi la kuvu. Dari ikipatikana, hata ya mbao nyepesi, huzuia hewa vuguvugu isilifikie bati.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Usikaushe chumba kwa kuingiza jiko la makaa na kufunga mlango. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua familia nzima usingizini. Jiko la gesi halina hatari kubwa kama hiyo likiwaka vizuri, lakini gesi ikiungua hutoa mvuke mwingi, kwa hiyo nalo linaongeza maji unayojaribu kuyapunguza.

Kuvu iliyokwisha kuota inaondolewa kwa kusugua. Swali la kwanza ni nani asugue. Mwenye pumu au mzio asiwe yeye, na asiwepo ndani wakati wa kazi. Kama hakuna mwingine, avae barakoa ya N95 iliyobana vizuri puani. Barakoa ya kitambaa au leso iliyofungwa mdomoni haizuii mbegu za kuvu, ambazo ni ndogo kuliko unavyodhani. Avae glavu na nguo zitakazofuliwa siku hiyo hiyo. Doa likiwa kubwa kuliko mita moja kwa mita moja, au likirudi baada ya wiki chache, kuna maji yanayoingia kutoka mahali fulani, na anayehitajika ni fundi wa paa au wa mabomba.

Funga mlango wa kuingia vyumba vingine, fungua dirisha. Usifagie wala kukwangua ukuta ukiwa mkavu, kwa sababu hivyo ndivyo unavyorusha mbegu kwa maelfu usoni pako. Lowesha doa kwanza kwa kitambaa chenye maji. Kisha chukua maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande ya kawaida, ile isiyo na manukato, usugue kwa brashi au sponji. Kuwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, la sivyo unahamisha kuvu kutoka kona moja kwenda nyingine. Panguza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa kikavu, acha dirisha wazi mpaka ukuta ukauke kabisa. Pamba ya mto, sponji ya kiti na dari ya karatasi iliyooza havisafishiki. Vifungwe kwenye mfuko ndani ya chumba hicho hicho kabla ya kupitishwa sebuleni. Ukuta ukishakauka kwa siku kadhaa, upake chokaa. Chokaa ni ya bei nafuu, haina harufu ya mafuta, huruhusu ukuta kupumua, na kuvu haiipendi. Ikiwa mbichi huunguza macho na ngozi, kwa hiyo anayepaka ajikinge.

Wengi watauliza: Jik je? Dawa hii ya klorini imekuwa jibu la kila doa nchini, hata watu huita Jik dawa yoyote ya kuondolea madoa. Ina kazi yake. Kuna kipindupindu, kuna damu, kuna choo cha mgonjwa anayeharisha. Lakini kwa kuvu ya ukutani inadanganya. Inalifanya doa kuwa jeupe, sehemu ya juu ya kuvu inakufa, maji yaliyobaki yanazama ndani ya plasta na kuilisha mizizi. Zaidi ya hapo, kuvu iliyokufa bado inaleta mzio ikivutwa puani. Lazima iondolewe, na kinachoiondoa ni mkono unaosugua. Kwa mtu mwenye mapafu dhaifu, mvuke wa klorini katika bafu dogo lisilo na dirisha unatosha kumpeleka hospitalini.

Hatari inakuwa kubwa zaidi dawa zikichanganywa. Jik ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, au na siki, hutoa gesi ya klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kutoka mitungini karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kufutia vioo na kwenye mkojo uliokaa, hutoa gesi nyingine inayochoma koo na mapafu. Mtu anayemimina Jik kwenye choo chenye mkojo, kisha akafuatisha dawa ya choo ili pawe safi zaidi, amefanya yote mawili kwa dakika moja. Ukianza kukohoa na macho kutoa machozi, usimalize kazi. Toka nje, acha mlango wazi, na kama kifua kinabana nenda hospitalini siku hiyo hiyo, maana mapafu yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Tulijifunza vibaya wakati wa korona. Kila mahali palipuliziwa dawa, sokoni, kwenye matatu, hata watu wenyewe, mpaka Mei 2020 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba kuwapulizia watu dawa ni hatari na kwamba kupulizia mitaa au vyumba hakusaidii inavyodhaniwa. Ugonjwa ulipungua, tabia ya kupulizia ikabaki. Katika kila chupa ya kupulizia, matone hubaki hewani na huvutwa na anayesafisha kwanza. Kama ni lazima utumie dawa, mimina kwenye kitambaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwafuatilia watu 6,235 kwa miaka 20. Mapafu ya wanawake waliokuwa wakisafisha, kwao nyumbani au kwa kuajiriwa, yalipungua nguvu upesi kuliko ya wanawake wasiosafisha. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana, na wanaume waliosafisha walikuwa wachache. Kwetu, kazi ya kupiga deki na kusugua vyoo ni ya mama, binti na msaidizi wa nyumbani, na ya akina mama wanaosafisha ofisi na hoteli kwa ujira mdogo. Habari hii inawahusu wao kuliko mtu yeyote.

Basi kabati la usafi liwe na nini? Sabuni ya kipande isiyo na manukato. Magadi, yaani magadi haya haya ya Ziwa Magadi tunayotia kwenye mboga, ambayo yakiyeyushwa katika maji moto hung'oa mafuta jikoni bila harufu yoyote, ila huchubua mikono, kwa hiyo vaa glavu. Vitambaa vingi vya pamba vya kutupia kwenye maji moto baada ya kazi. Siki kidogo kwa chumvi ya maji kwenye birika. Hivyo vinatosha kwa sehemu kubwa ya nyumba. Sabuni ya maji inayouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa kuukuu ya soda iache. Inaweza kuwa nzuri, lakini haina lebo, na mtu mwenye mzio hawezi kutumia kitu asichojua kina nini.

Wala usidanganyike na maneno ya kwamba kitu ni cha asili. Mvuke wa siki huwabana wengine kifua. Mafuta ya mkaratusi huwafungua pua baadhi ya watu na kuwazibia njia ya hewa wengine. Pareto ni ua tu, limelimwa katika nyanda hizi kwa miongo mingi, na dawa yake ya wadudu inaweza kuamsha pumu. Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, kiasi kidogo, mahali penye hewa, na usubiri siku nzima kabla ya kukiingiza chumbani.

Tukiwa kwenye nchi ya wakulima, kuna kemikali ambazo hazina uhusiano na usafi lakini zinalala na watu. Dawa ya kupe ya ng'ombe iko chini ya sinki. Bomba la kupulizia dawa ya magugu liko nyuma ya mlango. Mifuko ya mbolea ya chai ya NPK imepangwa kwenye korido kusubiri mvua. Nguo za aliyepulizia zimefuliwa pamoja na za mtoto. Vyote hivyo vina mahali pake katika stoo ya nje yenye kufuli. Na nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, visikaribie nguo za mtoto mchanga. Watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya fulani katika damu, ambao si haba katika jamii za ukanda wa malaria, chembe zao nyekundu huweza kupasuka kwa kuvuta mvuke wake tu. Nyanya akileta blanketi la sandukuni kwa furaha ya mjukuu, mtu amwambie kwa heshima: "Asante sana, nyanya. Ngoja tulifue kwanza, likae juani, ndipo mtoto alale nalo." Hakuna bibi mwenye upendo atakayekataa.

Gari ni chumba kidogo kuliko vyote, na kwa mtu wa mzio ndicho kibaya zaidi, kwa sababu pua yake iko nusu mita kutoka kila kitu. Magari mengi yanayopanda barabara ya Kericho hadi Litein, Kaplong na Bomet yametoka Japani yakiwa yametumika, kwa sheria ya Kenya yasizidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Yamekaa wiki kadhaa melini, milango imefungwa. Wapo wanaoyanunua bonasi ya chai ikitoka mwezi wa Oktoba, na harufu ya ndani wanaizima kwa manukato ya muuzaji kabla hawajauliza imetoka wapi. Probox ya kubebea watu asubuhi hubeba maziwa saa nne, majani ya chai mchana na mbolea jioni, na abiria wa mvua huingia na viatu vyenye tope jekundu.

Ukitaka kujua hali ya gari, usinuse. Piga magoti upande wa abiria wa mbele, ondoa mkeka wa mpira, kisha bonyeza zulia kwa kiganja mbele kabisa, pale miguu inapofikia ukuta wa injini. Kiganja kikirudi na unyevu, umepata chanzo. Chini ya zulia hilo kuna sponji nene ambayo hunywa maji kwa miezi bila kuonyesha chochote juu. Maji huingia kwa njia mbili hasa. Ya kwanza iko nje, chini ya kioo cha mbele mahali wipa zilipo: majani ya mkaratusi na mvinje yameziba mitaro midogo ya kutolea maji ya mvua, maji yakajaa, yakapita ndani. Chota majani hayo kwa mkono kila unapoegesha chini ya miti. Ya pili ni bomba jembamba la kutolea maji ya kiyoyozi. Likizibwa na tope, maji yanayopaswa kudondoka barabarani hudondoka ndani.

Ukishazuia maji kuingia, kausha. Fungua kipande cha plastiki kilicho kizingitini mwa mlango, inua zulia, ingiza kipande cha mti au chupa tupu chini yake ili hewa ipite, uliache gari juani milango ikiwa wazi kuanzia saa tatu mpaka saa saba, siku kadhaa mfululizo. Januari na Februari ndiyo miezi ya kazi hii. Aprili ni shida, na sponji iliyokwisha kuoza ni heri itupwe inunuliwe nyingine. Chujio la hewa ya ndani, ambalo katika Toyota nyingi liko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, hutolewa kwa mkono bila spana. Likiwa jeusi na lina majani, badilisha. Dakika chache kabla ya kufika nyumbani zima kiyoyozi, acha feni iendelee kuvuma, ili mahali penye baridi pakauke kabla ya kulala. Na ukiendesha kwenye mvua weka kitufe cha kuingiza hewa ya nje. Ukizungusha ile ya ndani, vioo vitajaa mvuke na mvuke huo utaingia kwenye viti.

Kwenye sehemu ya kuoshea magari, sema mapema, kabla ndoo haijaguswa.

"Ndugu yangu, leo viti usimwagie maji. Dashibodi usipake mafuta, na marashi usiweke."

"Sasa mkubwa, itang'aa aje?"

"Ising'ae. Pangusa na kitambaa cha maji matupu, ukimaliza futa na kikavu. Malipo ni yale yale."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu kijana anahofia kwamba kazi isiyonukia haitalipwa. Viti vilivyosuguliwa kwa povu jingi saa tisa mchana mjini Kericho, kisha gari likafungwa usiku, vitaota kuvu kabla ya wiki kwisha. Vifyonzwe vumbi kwanza, madoa yapanguzwe moja moja. Na ukiambiwa kuna mashine ya ozoni ya kuua harufu kwa nusu saa, kataa. Ozoni inachoma mapafu, na kwa vile zulia bado ni bichi, harufu itarudi.

Yote niliyoeleza anaweza kuyafanya mtu mwenye nyumba yake na gari lake. Wengi wa wanaoishi na kuvu katika nchi ya chai hawana uwezo huo. Wanakaa nyumba za kupanga Kericho mjini, Kapsoit na Silibwet, au nyumba za kampuni zilizo ndani ya mashamba, na hawawezi kutoboa ukuta wala kung'oa bati. Rochdale, Uingereza, baba wa mtoto aitwaye Awaab Ishak alilalamika kuhusu kuvu kwenye nyumba ya kupanga, akaambiwa apake rangi juu yake. Awaab alikufa Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka 2. Novemba 2022 uchunguzi rasmi ulisema kilichomuua ni kuvu hiyo, na mwaka 2023 Bunge la Uingereza likapitisha sheria inayoitwa kwa jina lake, ya kumlazimisha mwenye nyumba za umma kurekebisha unyevu kwa muda uliowekwa.

Kenya haina sheria yenye muda kama huo, lakini haiko mikono mitupu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi nyumba inayofaa au posho ya kukodi nyumba. Sheria ya Afya ya Umma inampa afisa wa afya wa kaunti nguvu juu ya nyumba inayodhuru afya ya wakaao ndani yake. Mpangaji, piga picha ukuta, andika tarehe, peleka barua na ubaki na nakala. Mzazi ambaye mtoto wake anakorota usiku, mwambie daktari, iwe ni Longisa, Tenwek, Kapkatet au Kericho, kwamba ukuta wa chumba chake ni mweusi, kwa sababu asipoambiwa hatajua. Na wewe mwenye nyumba za kupangisha, panda juu ya paa mwezi wa Februari, badilisha bati lililotoboka, safisha gata, toboa matundu ya hewa kwenye kila chumba cha kulala. Mvua kubwa huanza Machi.